Begi Moja kwa Siku Kumi za Italia Mwezi Julai

Anayeondoka Nairobi, Arusha au Mbeya mwezi Julai hufunga begi akiwa amevaa sweta, na makosa huanzia hapo. Mwili unasikia kipupwe, basi mkono unaenda kwenye jinzi na koti. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa ana kosa la upande wa pili: anaamini joto analijua, kwa hiyo hajiulizi kitu. Wote wawili hukutana Roma saa nane mchana, nguo imenata mgongoni na kisigino kimechubuka.

Mwongozo huu umepangwa kwa safari ya siku kumi katika miji mitatu: Roma, Florence na Venice. Mengi yaliyomo yatakufaa pia ukienda kusini mwa Hispania au Ugiriki. Uingereza na Uholanzi ni habari nyingine, maana hata Julai huko kuna mvua na jioni zenye ubaridi.

Joto lenyewe likoje

Roma mwezi Julai, joto la mchana kwa kawaida hufika nyuzi 31 au 32, na wimbi la joto likipita hupanda hadi 35 na zaidi. Florence, iliyozungukwa na vilima, mara nyingi huwa kali zaidi. Venice ina unyevunyevu na mbu. Ukitazama tarakimu peke yake, mtu wa Pwani ataona tofauti na nyumbani si kubwa. Tofauti iko kwenye urefu wa mchana. Jua la Roma mwanzoni mwa Julai huchomoza kabla ya saa 12 alfajiri na huzama karibu saa tatu kasoro usiku, yaani saa 15 za mwanga. Saa 11 jioni, wakati sisi tumeshazoea jua kulegea, huko bado linachoma. Halafu mitaa ni ya mawe na kuta ni za mawe: hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha jioni.

Zaidi ya hapo, utatembea. Magari hayaingii sehemu nyingi za miji ya kale, na Venice hakuna kabisa. Kilomita 10 hadi 15 kwa siku ni jambo la kawaida kwa mtalii. Kwa hiyo anza na viatu, kisha vitambaa. Rangi na mitindo vije baadaye, ingawa ndivyo wengi huanza navyo.

Viatu: mwezi mmoja kabla

Chukua jozi mbili tu. Ya kwanza ni raba nyepesi za kutembelea, zenye soli nene kiasi cha kuzuia ncha za mawe zisifike mguuni. Mitaa ya Roma imetandikwa vijiwe vya basalti viitwavyo sampietrini, vina mabonde na mianya katikati. Kisigino chembamba huzama kwenye mwanya na kukatika, au kifundo cha mguu kinateguka. Ndala huacha vidole vikijigonga. Jozi ya pili iwe sandali yenye mkanda wa nyuma unaoshika kisigino, ya ngozi na rangi tulivu, ili ifae mchana na pia mezani usiku. Sandali za ngozi za mafundi wa Pwani zinafaa sana, ila ziwekewe soli ya mpira. Soli ya ngozi tupu huteleza kwenye marumaru za makanisani na kwenye ngazi za madaraja ya Venice.

Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa kule kwenye joto. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha vizoee: wiki mbili hadi nne, mara tatu kwa wiki, tembea kilomita nne au tano ukivaa soksi zilezile utakazosafiri nazo. Kiatu kipya kilichofunguliwa kwenye boksi siku ya safari hutoa malengelenge siku ya kwanza, na siku tisa zilizobaki utatembea ukichechemea. Weka plasta nane hivi begini hata hivyo.

Vitambaa: soma lebo, kisha jaribu

Kitani ndicho mfalme wa safari hii. Hupitisha hewa, hunyonya jasho na kulitoa upesi, na kikifuliwa usiku asubuhi kimekauka. Kinajikunja, ndiyo, lakini kwa kitani mikunjo ni sehemu ya sura yake na Waitaliano wenyewe hukivaa hivyo hivyo. Pamba nyepesi iliyofumwa wazi inafuata. Viskosi, ambayo wengi huiita reyoni, ni laini na baridi mwilini, lakini ikilowa hulegea na kuvutika, kwa hiyo usiikamue kwa kusokota. Polista nzito iache nyumbani, kwa kuwa hufunga joto ndani na harufu ya jasho haiitoki kwa urahisi.

Kitani kipya ni ghali, lakini mitumba imejaa mashati na suruali za kitani, soko la Karume Dar na la Gikomba Nairobi vilevile. Shida ni lebo, maana nguo zimetoka nchi mbalimbali. Kitani huandikwa “linen”, au “lin” kwa Kifaransa, “lino” kwa Kiitaliano na Kihispania, “Leinen” kwa Kijerumani. Pamba ni “cotton”, “coton”, “cotone”, “algodón” au “Baumwolle”. Mchanganyiko wa kitani asilimia 55 na pamba 45 ni mzuri mno, kwa sababu hupunguza mikunjo bila kuongeza joto. Ukiona polista imezidi asilimia 30, rudisha nguo kwenye rundo.

Vitenge vinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sokoni vipo vya pamba na vya polista vilivyochapwa maua yaleyale. Chomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, uwashe kwa kiberiti mbali na kitambaa chenyewe. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, ilhali polista huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Wengine hutumia tone la maji kuona kama linanyonywa, ila kitenge kipya cha pamba kina wanga unaozuia maji, hivyo jaribio hilo litakudanganya mpaka kifuliwe kwanza.

Kwa fundi

Peleka kitambaa wiki nne kabla ya safari, na mpe fundi tarehe iliyo wiki mbili kabla ya tarehe yako halisi. Kila aliyewahi kuambiwa “njoo kesho” anajua sababu. Kitambaa cha pamba au kitani kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa maana hupungua kinapopata maji mara ya kwanza, na gauni lililokutosha vizuri dukani kwa fundi litakubana baada ya kufuliwa hotelini.

Omba mambo matatu mahususi. La kwanza, kila suruali na sketi iwe na mfuko wa ndani wenye zipu, mkubwa wa kutosha pasipoti. Wachomoaji kwenye treni za chini ya ardhi za Roma na kuzunguka stesheni ya Termini ni hodari wa kazi yao. La pili, gauni au sketi ndefu iishie sentimita nne au tano juu ya ardhi. Pindo linaloburuta hukanyagwa kwenye ngazi na kunaswa kwenye ngazi za umeme. Hili linahusu abaya pia. La tatu, mabaki ya kitenge yashonwe kuwa vifuko vinne vya zipu, viwili vya sentimita 30 kwa 35 na viwili vidogo vya 20 kwa 25. Hivi ndivyo utakavyopangia nguo begini. Mifuko ya rambo isahau: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania 2019, na hata isingekuwa hivyo, nguo yenye unyevu ikifungiwa humo hunuka.

Hesabu ya nguo

Usihesabu siku za safari. Hesabu siku kati ya kufua na kufua, ambazo zisizidi tano. Anayepanga nguo kumi kwa siku kumi hubeba kilo 23 na kuvaa nusu yake.

Kwa mwanamke: suruali pana moja ya kitani, sketi moja inayopita magoti, magauni mawili, blauzi au tisheti nne, na shati moja la kitani la mikono mirefu linalovaliwa pia wazi juu ya gauni kama koti. Ongeza sweta jepesi moja, nguo ya kulalia, vazi la kuogelea, chupi sita, sidiria tatu na soksi jozi tatu. Kwa anayevaa magauni, kaptula mbili fupi za ndani zinazobana ni lazima. Mapaja yakisuguana kwenye joto kwa kilomita kumi huchubuka vibaya, na mafuta ya kujipaka peke yake hayatoshi zaidi ya saa chache.

Kwa mwanamume: suruali moja ya kitani, moja ya pamba nyepesi ya kadeti, kaptula moja inayofunika magoti, mashati matatu na mojawapo liwe la mikono mirefu, tisheti tatu, sweta moja jepesi, boksa sita, soksi jozi tano. Jinzi moja nzito inaweza kukaribia uzito wa mashati matatu ya kitani, na ikifuliwa usiku haikauki mpaka kesho kutwa. Iache.

Anayevaa hijabu achague mitandio mitatu ya viskosi au pamba nyembamba. Mtandio wa kitambaa cha jezi hubana joto shingoni, na shifoni huteleza ukitembea sana, ikidai pini kila mara. Abaya ya nida inaanguka vizuri mwilini lakini ni polista, kwa hiyo ndani yake vaa pamba tupu nyepesi na uchague iliyo pana. Mbili zinatosha, moja nyeusi na moja ya rangi ya mchanga.

Halafu khanga. Doti moja, vipande vyote viwili. Kila kipande kina urefu wa kama mita moja na nusu, uzito haufiki robo kilo, na hakuna nguo nyingine begini itakayofanya kazi nyingi kuliko hiyo: blanketi la ndege, shuka la kutandika ufukweni, taulo, sketi ya kujifunga juu ya kaptula, mtandio wa mabega. Ila ifue mara mbili au tatu kabla ya safari kwa maji yenye chumvi kidogo, mpaka maji yasiwe na rangi tena. Khanga mpya ikilowa jasho huchuja, na nyekundu yake ikishika shati jeupe la kitani haitoki. Kikoi kinafaa vilevile, hasa kama taulo, ingawa ni kizito kidogo.

Mabega na magoti

Hapa wageni wengi huumia. Basilika la Mtakatifu Petro na Makumbusho ya Vatikani hayamruhusu mtu kuingia mabega au magoti yakiwa wazi, na sharti hilo ni kwa wanaume pia. Makanisa makubwa ya Florence na Venice yana masharti kama hayo. Foleni ya Mtakatifu Petro inaweza kuchukua saa nzima juani, na mlinzi atakurudisha mwisho wake bila mjadala. Ukivaa gauni lisilo na mikono, kipande kimoja cha khanga kiwe mkobani kila siku. Mwanamume mwenye kaptula inayoishia juu ya goti hana pa kujificha, ndiyo maana orodha yake ina moja tu, na ndefu. Kofia ya mwanamume huvuliwa mlangoni. Mtandio wa mwanamke hauna shida.

Venice hairuhusu mtu kutembea mjini kifua wazi au na vazi la kuogelea. Na mabwawa mengi ya kuogelea nchini Italia hudai kofia ya mpira au ya kitambaa kichwani. Kwa mwenye rasta au nywele za kusuka, nunua kubwa ukiwa nyumbani, kwa sababu zile za pale mlangoni hazitatosha.

Rangi

Chagua rangi mbili za msingi na moja ya kuchangamsha. Mfano unaofanya kazi: buluu iliyokoza na rangi ya mchanga, kisha kitenge kimoja chenye nguvu, sketi au shati. Kila nguo ya juu lazima ikubaliane na kila ya chini. Ukiwa na za chini tatu na za juu tano, una mavazi 15 tofauti kutoka nguo nane. Nguo inayokubaliana na moja tu ibaki kabatini, hata uipende vipi. Kijivu hafifu epuka kabisa, hakuna rangi inayoonyesha jasho kama hiyo. Nyeupe, buluu iliyokoza na nguo za maua huficha vizuri. Suruali nyeupe hupendeza pichani, lakini utakaa kwenye ngazi, kuta na viti vya treni, na ifikapo saa nne asubuhi itakuwa imeshachafuka.

Mtindo unatokana na vipimo kuliko wingi. Nguo iliyonyooka begani na kuishia pale inapotakiwa hupendeza kuliko begi zima la mitindo mipya. Shilingi utakazolipa kupunguza mikono na pindo ndizo zitakazoonekana.

Kufunga

Siku tatu kabla, tandaza kila kitu kitandani. Vaa kila vazi kamili, pamoja na kiatu chake, ukae, uiname, upande ngazi. Blauzi inayopanda ukinyoosha mkono itakusumbua kila ukishika bomba la kwenye basi.

Tiketi nyingi za kwenda Ulaya huruhusu begi la kilo 23, lakini lenga 12. Venice ina madaraja zaidi ya 400, mengi ya ngazi, na kwenye treni utalinyanyua begi mwenyewe. Viatu vikae chini karibu na magurudumu, ndani ya kifuko, vikijazwa soksi. Suruali za kitani zitandazwe juu yake, kiuno kikiwa ndani ya begi na miguu ikining’inia nje. Pangilia juu yake vifuko: tisheti na nguo za ndani ziviringishwe, mashati yakunjwe bapa. Mwisho rudisha miguu ya suruali juu ya kila kitu. Hivyo mkunjo unapita juu ya nguo laini na haupati ncha kali. Usijaze begi. Acha sehemu moja kati ya tano wazi, kwa kuwa katika mikoa mingi ya Italia bei za msimu hushushwa rasmi kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Julai, na hutarudi mikono mitupu. Saizi za kule ni tofauti: 42 ya Italia kwa mwanamke ni 10 ya Uingereza.

Begi la mkononi, ambalo mashirika mengi huwekea kikomo cha kilo saba, libebe vazi moja kamili, chupi mbili, dawa na hati. Begi kubwa likibaki njiani utaishi siku mbili bila taabu. Mnaosafiri wawili, changanyeni: nusu ya nguo za kila mmoja ziende kwenye begi la mwenzake. Losheni na krimu ya jua zisizidi mililita 100 kwa chupa, zote ndani ya kifuko angavu cha lita moja. Sabuni ya kufulia beba kipande cha mche, si ya maji, hivyo haihesabiwi. Ongeza kamba ya mita tatu na vibanio sita.

Njiani na usiku wa kwanza

Vaa raba na suruali nzito kuliko zote ulizonazo, tisheti, na sweta mkononi. Ukipitia Addis Ababa utalihitaji: Julai huko ni msimu wa mvua, na mji uko juu ya mita 2,300. Ndani ya ndege jifunike khanga. Sweta lile lile litakufaa kwenye treni za mwendo kasi za Italia, ambazo hupozwa hewa mpaka mtu anatetemeka.

Ukifika hotelini, fungua begi kabla ya kulala. Tundika kitani bafuni ukioga maji ya moto, mlango umefungwa, kisha kinyooshe kwa kiganja kikiwa na unyevu. Fua tisheti na soksi za safari kwenye sinki, suuza, zilaze juu ya taulo kavu, viringisha na ukanyage kwa miguu ili taulo linyonye maji, halafu anika karibu na dirisha. Asubuhi zitakuwa tayari. Fanya hivyo kila jioni kwa nguo mbili au tatu, dakika kumi tu, na nguo hazitakulundikia.